Laptopu ya Kuhifadhi Sauti ya Mama

Asubuhi za kiangazi hapa Mkiwa, watu huanika alizeti na uwele. Baba yangu, mzee Isaka, alikuwa anaanika kanda za kaseti. Alizipanga kwenye ungo, akauweka uani juani, akawa anazigeuza moja moja kwa mkono. Alisema anaziondolea unyevu. Jioni alizirudisha kwenye kilindo, lile sanduku la gome la mti aliloachiwa na bibi.

Ndani ya kanda zile imo kwaya ya kigango chetu, enzi nikiwa mdogo. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Mama yetu, Luciana, ndiye aliyeanzisha nyimbo. Nakumbuka tulivyopanda lori kwenda Ikungi na Itigi. Sare za wanakwaya zilinukia sabuni ya mche. Waliimba wamesimama njia nzima, vumbi limewajaa kooni, na hakuna aliyejali. Hakuna safari nyingine niliyoipenda kama zile.

Nakumbuka pia ubishi wa nyumbani. Mama alilalamika kwamba baba anaharakisha wimbo kama mtu anayekimbia mvua. Baba alikana. Mama alifariki ubishi haujaisha, na mimi Rebeka ningetoa chochote niusikie tena.

Kanda moja tu ina sauti ya mama akianzisha wimbo peke yake. Ilirekodiwa siku ya sikukuu ya mavuno. Redio yetu ya kaseti ilikuwa imeharibika mkanda wa ndani unaozungusha kanda, kwa hiyo hatukuwa tumeisikia kwa miaka.

Siku moja jirani yetu Dorkas alikuja kuazima ungo. Dorkas ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari. Alimwamkia baba, kisha akaona kanda juani, akasimama.

"Baba, hili jua linaziua," alisema.

Alitueleza kwamba joto hupinda utepe. Hata kivulini utepe huzeeka, na kila ukichezwa hulika kidogo. Njia nzuri ni kuhamishia sauti kwenye kompyuta mapema. Baba aliishika ile kanda ya mavuno, akauliza itachezeka mara ngapi zaidi. Dorkas alisema hajui. Huenda mara nyingi, huenda mara moja tu. Baba aliunyanyua ungo mwenyewe, akaupeleka kivulini.

Kompyuta hatukuwa nayo. Dorkas alishauri tununue laptopu iliyotumika, naye atatuwekea mfumo endeshi wa Linux kama anaoutumia shuleni. Alieleza kwamba mfumo endeshi ni programu kuu inayoiamsha kompyuta na kusimamia vifaa vyake vyote. Linux ni mfumo huria. Yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuunakili, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Programu nzuri za kurekodi sauti zinapatikana humo bila malipo.

Kaka yangu Chrispin hakuridhika. Aliuliza kama kitu cha kugawiwa tu kinaweza kuwa kizima.

"Nyimbo zetu tulizipata wapi?" baba alimjibu. "Tulizinakili kwa watu wa Ikungi. Palipokuwa na kosa kwenye besi tukaparekebisha. Watu wa Itigi wakaja kunakili kwetu. Umewahi kusikia wimbo umeharibika kwa sababu umegawiwa?"

Chrispin akakubali. Lakini kaka yangu ana haraka zake, na nadhani amezirithi. Tulipouza alizeti, Dorkas alikuwa anasimamia mitihani. Chrispin hakumsubiri. Alikwenda Singida mjini peke yake, akarudi na laptopu nyembamba, toleo jipya, imefungwa kwenye kitenge. Ilikuwa inang'aa, ungeweza kujitazama na kuchana nywele. Hata mimi niliipenda.

Dorkas alikuja na flashi yenye Linux. Alisema kwanza hatafuta kitu chochote kilichomo ndani. Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi ili ijaribiwe tu, na ukichomoa flashi kompyuta inabaki ilivyokuwa. Aliichomeka, akawasha. Picha ilitokea, nzuri kabisa. Chrispin akatabasamu.

Kisha Dorkas akatafuta Wi-Fi ya simu yake. Laptopu haikuiona. Akajaribu spika. Kimya. Akaongea kwenye maikrofoni, nayo haikunasa kitu.

"Haijaharibika," alisema. "Haipatani na Linux, basi."

Alieleza kwamba kila kifaa ndani ya kompyuta kinahitaji programu ndogo ya kukiongoza. Watengenezaji wengine huwapa watu wa Linux maelezo ya vifaa vyao, wengine hawatoi. Matoleo mapya ndiyo husumbua zaidi, kwa sababu watu hawajapata muda wa kuyashughulikia. Tatizo lile lingeweza kurekebishwa baada ya miezi, au lisirekebishwe kabisa. Chrispin aliuliza kama tungeweza kusubiri. Baba alitazama kilindo. Sote tulijua kanda haisubiri.

Kwa kuwa hatukufuta kitu, muuzaji alikubali kutubadilishia. Lakini alituonya kwamba ni mara moja tu. Tukikosea tena, shauri yetu.

Jumamosi tulikwenda wote, baba amevaa koti lake la kanisani. Dorkas alibeba flashi na waya wa kuunganishia redio. Dukani hakutazama rangi. Aligeuza kila laptopu, akasoma jina la toleo chini yake, akatafuta kwenye simu wanaotumia Linux wanasema nini juu yake. Mbili alizirudisha. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nene, imechubuka pembeni. Ilikuwa toleo la miaka kadhaa nyuma, la kiofisi. Alisema matoleo kama hayo yametumiwa na watu wengi, na kasoro zake nyingi zimesharekebishwa. Memori yake ilikuwa GB nane, inatosha kabisa kwa kazi yetu.

Dorkas aliomba kuiwasha kwa flashi. Muuzaji alisita. Alisema watu huchukua kwanza, wanajaribu nyumbani.

Baba akasogea mbele.

"Mwanangu, mimi sijawahi kununua maksai wa kulimia kwa kumtazama," alisema. "Mnadani Ikungi nilikuwa nafika na nira yangu. Namfunga pamoja na maksai wangu, anavuta, ndipo tunaongea. Leo nira yangu ni hiyo flashi."

Muuzaji alicheka, akatusogezea waya wa umeme. Chrispin alitazama viatu vyake. Ng'ombe alikuwa anajua kuwachagua vizuri, kilichomponza ni mng'aro.

Dorkas alitupa kila mtu kazi. Mimi nilibonyeza herufi zote na kupapasa sehemu ya kusogezea mshale. Chrispin alijaribu Wi-Fi na kamera. Tukaifunga laptopu ikalala, tukaifungua ikaamka. Spika ililia. Waya wa redio uliingia kwenye tundu la sauti bila shida. Mwisho Dorkas alimwomba baba aongee kwenye maikrofoni.

Baba alikohoa. Kisha akaimba taratibu, "Do, mi, so." Laptopu ikamrudishia sauti yake.

"Hii inasikia," baba alisema. Tukaichukua.

Nyumbani Dorkas aliweka Linux moja kwa moja. Fundi alishaipa redio mkanda mpya. Tuliiunganisha na laptopu, baba akaweka kanda ya mavuno kwa mikono miwili, akabonyeza.

Kwanza ilikuja shuu ndefu. Watu wakakohoa. Kisha sauti ya mama, karibu kabisa.

"Isaka, leo usituharakishe."

Akaanza kuimba. Nililia, sifichi. Baba aliinamisha kichwa. Kisha kwaya ikaingia, na kila mmoja wetu akasikia. Ilikuwa inakimbia. Mama alikuwa anavuta pumzi akiwafuata nyuma. Chrispin ndiye aliyeanza kucheka, nami nikafuata, na mwisho kabisa baba, machozi yakimtiririka.

"Alikuwa anasema kweli," baba alisema.

Tulipoicheza mara ya pili, utepe ulikatika. Baba hakushtuka. Sauti ilikuwa tayari kwenye laptopu, na Dorkas alishaweka nakala nyingine kwenye flashi na kuiacha kwake. Siku hizi watu wa vigango vya jirani huja na flashi zao kunakili nyimbo, kama zamani.

Jumapili iliyofuata wanakwaya walimwomba baba awaongoze wimbo ule wa mavuno. Alisimama mbele na koti lake, akainua mikono, akaishusha polepole. Wazee waliomjua tangu zamani walitazamana. Wimbo ukawa mrefu, katekista akatazama saa. Baba aliendelea vilevile, taratibu, mpaka ubeti wa mwisho.