Kidoti cha Mzee Rangi

Tangu asubuhi mchora mabango hakutulia. Alikaa, akasimama, akayatazama mabango, akakaa tena. Saa nane msimamizi wa zahanati angekuja kukagua mabango matatu ya majaribio. Yakimpendeza, binti huyu angepewa kazi ya mabango ya milango yote ya zahanati. Yasipompendeza, kazi ingekwenda kwa wenye mashine za kuchapa mabango mtaa wa pili.

Kazi alifundishwa na baba yake, Mzee Rangi, ambaye siku hizi mikono inamtetemeka, naye husimamia tu. Mzee alikuwa na mtindo wake. Kila neno la Kiingereza lililoishia na s, aliweka kidoti juu, kabla ya hiyo s. Alisema kinaipa s heshima yake. Binti akafuata bila kuuliza. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mchana akapita jirani mwenye duka la kutoa nakala, ambaye zamani alifundisha Kiingereza. Mtaa mzima unamwita Shangazi Fotokopi. Alisoma bango la kwanza, PATIENT'S WAIT HERE, akamvuta binti pembeni.

"Mwanangu, hapa ulitaka kusema nini?"

"Wagonjwa wangojee hapa."

"Basi ni wagonjwa wengi tu, hakuna kitu chao kinachotajwa. S inatosha: PATIENTS. Hicho kidoti ni ritifaa, kama ile ya kwenye ng'ombe. Kwenye maneno kama haya inaonyesha kitu ni cha nani."

Binti akageukia mabango mawili yaliyobaki. Akauliza kuhusu DOCTOR'S ROOM. Shangazi akasema hilo liko sawa: ni chumba cha daktari mmoja, ritifaa inakaa kabla ya s. Na NURSE'S ROOM? Shangazi akauliza wauguzi wako wangapi. Watano. Basi aandike kwanza wauguzi wengi, NURSES, kisha ritifaa ikae baada ya s: NURSES' ROOM.

Ilikuwa saa saba na nusu. Rangi ilikuwa bado mbichi, kufuta si kazi. Kilichomlemea ni baba. Atamwambiaje mzazi wake kwamba amekosea miaka thelathini? Aliona haya, tena aliogopa. Alizunguka chumba mara mbili, ndipo akachuchumaa mbele ya mzee na kumweleza polepole.

Mzee akayatazama mabango.

"Miaka yote hiyo watu wamesoma mabango yangu," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

"Walikuheshimu, baba."

"Hiyo si heshima. Lete kitambaa."

Alifuta mwenyewe, binti amemshika kifundo cha mkono. Kisha binti akarudia herufi zilizoharibika.

Msimamizi alifika, akasoma mabango yote mara mbili, akatabasamu. Akatoa orodha ya milango kumi na minne. Mzee Rangi ndiye aliyeipokea. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Kabla hatujashika brashi," akasema, "tuambie. Chumba hiki ni cha nani, na wako wangapi?"