Perege wa Mto Mbezi

Kitendawili! Mama huyu hubeba wanawe kinywani, wala hawamezi. Ni nani? Fikiri taratibu, mjukuu wangu. Mauwa naye hakujua, na mto ulipita nyuma ya nyumba yake.

Ilikuwa mwaka 1974, mvua ilikataa. Pale Mbezi watu walikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada. Kitoweo kilikuwa perege wa mtoni. Mto nao ukakauka, pale kijijini kikabaki kidimbwi kimoja.

Chausiku, binti wa Mauwa, alivimba miguu. Benedikto, mtoto wa jirani yake Adelina, vivyo hivyo. "Wapeni samaki," mama wa zahanati aliwaambia.

Mauwa alivua siku tatu, asipate kitu. Akakumbuka utupa. Kwao, kando ya Ruvuma, waliutwanga mmea huo, wakautia majini, samaki wakalewa. Alfajiri akautia kidimbwini. Akajaza kapu, akaondoka kimyakimya.

Kulipokucha, kidimbwi kizima kilikuwa kimejaa matumbo meupe. Wakubwa, wadogo, hata vyura. Watu walijua ni utupa, wakaogopa kuwala.

Chausiku alikula juma zima, akapata nafuu. Adelina alirudi na ndoo tupu kila siku. Mwezi haukuisha, Benedikto akazikwa.

"Nani alitia utupa?" Adelina aliuliza msibani. Mauwa aliinama, akaendelea kuosha vyombo.

Baadaye alikuja Bwana Samaki, afisa wa uvuvi, jina lake Kamugisha. Alikuwa na chupa ya spiriti, ndani yake perege mmoja aliyeokotwa kidimbwini siku ile. Akampanua kinywa. Vikamwagika vitoto, vidogo kama mtama.

"Huyu huatamia kinywani," alisema. "Ukimuua mmoja, umeua mia mbili. Kwenye mito mikubwa kama Ruvuma maji hupita, sumu huondoka. Hapa maji yamesimama."

"Sasa tufanyeje?" watu walimwuliza.

"Juu kule, penye chemchemi ya miambani, wamebaki tisa. Tuchimbe bwawa hapo, tuwafuge. Asivue mtu mpaka wazaliane."

"Tuwafuge kama kuku?" Adelina alimkejeli. "Na njaa yote hii?"

"Kama kuku hasa, mama. Wewe unamchinja kuku aliyeatamia?"

Nyumba kumi zikachimba. Mauwa alichimba kuliko wanaume. Kila asubuhi alipeleka pumba na mchwa.

"Mama Chausiku, hata huchoki?" watu walimtania. Hakucheka.

Mvua zikarudi. Bwawa likajaa perege. Wakarudisha vifaranga ndoo kumi na mbili mtoni. Wakakubaliana: nyavu za matundu makubwa, utupa marufuku, na mwenye kinywa kilichojaa arudishwe majini.

Siku ya kuvua kwa mara ya kwanza, Adelina alichagua perege mnene kuliko wote.

"Mpelekee Chausiku, shoga yangu. Mie sina wa kumpikia."

Mauwa hakunyoosha mkono.

"Mama Bene, uliuliza nani alitia utupa."

"Niliuliza."

"Ni mie."