Kuni za Chini

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipotoka kwenda bandani kuchukua kuni za jioni. Nikamkuta Fundi Cherehani amesimama mbele ya rundo langu.

Fundi ni jirani yangu, mjane, nyumba zetu zimetenganishwa na kichochoro tu. Asubuhi ya siku ile alikuja kuomba kuni. Baridi ilikuwa kali, zake zimekwisha. Na mimi ndani nina mjukuu mchanga, kitovu hakijakauka, na jiko la bati la kupashia nyumba moto halishibi. Nikamchagulia za chini kabisa, zilizonyeshewa. Nikamwambia, "Kavu hizo, shoga. Zikikataa, laumu pumzi zako."

Akacheka. Akazibeba.

Sasa amesimama pale, mikono kwapani.

"Unapapasa nini gizani kama panya?"

"Zilitoa maji tu," akanong'ona. "Halafu moshi... mwingi."

"Si ungefungua dirisha."

"Baridi ingeingia, shoga."

Nikamkaribisha ndani aote moto.

Mke wa mwanangu alikuwa amekwenda kuoga, mtoto yuko kitandani. Fundi akavuta kiti, akaketi karibu na jiko mpaka nikaogopa gauni lake litaungua. Halikuungua. Nikaongeza kuni kavu. Nikaongeza tena. Bati likawa jekundu kabisa, na bado meno yananigongana.

Kisha ile harufu... Moshi wa kuni zilizolowa, unaokaba koo. Na jiko langu halikuwa linavujisha moshi hata chembe.

"Nipe mtoto nimpakate," akasema. "Yeye ana joto."

"Mwache huyo."

"Kidogo tu, shoga."

Nikamshika mjukuu wangu miguu.

Ilikuwa baridi kama chuma.

Hapo nikaelewa. Sikumuuliza amekufa saa ngapi. Mambo mengine ukiuliza utajibiwa. Nikasema, "Mtoto hajakudanganya. Aliyekudanganya ni mimi. Rudi kwako, nakuletea kuni."

Akanitazama sana. "Kavu?"

"Kavu."

Nikainama kuzikusanya. Nilipoinuka, kiti kilikuwa kitupu.

Mlangoni kwake nikakuta watu wamejaa. Muuza maziwa ndiye aliyevunja mlango.

"Usiingie, bibi," akanong'ona. "Inaonekana amekufa tangu mchana. Moshi."

Nikampita. Fundi alikuwa amelala sakafuni, uso umeelekea jiko, mikono kwapani. Nikapiga magoti, nikatoa vile vigogo vyangu vilivyolowa, nikaweka kavu, nikawasha. Watu wananitazama kama nimepagawa.

"Maiti haoti moto, bibi," akasema muuza maziwa.

"Umewahi kumuuliza?"

Niliporudi nyumbani mtoto alikuwa na joto lake, ananyonya kama anayefukuzwa.

Tulimzika. Lakini kila jioni napeleka mzigo wa kuni katika nyumba ile isiyo na mtu, nawasha jiko, nakaa mpaka moto ukolee. Siku niliyojaribu kuacha, miguu ya mtoto ilianza kupoa kabla sijavua viatu. Sasa rundo letu linaisha na baridi bado ipo.

"Mama, kuni zetu anaiba nani?" mke wa mwanangu akaniuliza.

"Mimi."

Alidhani natania. Nikamwacha adhani hivyo. Ningemwambia nini, kwamba nilimnyima jirani kuni kavu kwa ajili ya mwanawe, na sasa ni mwanawe anayedaiwa?

Jana goti lilinikamata, nikachelewa. Nikakuta jiko la Fundi limeshawaka, moto mzuri, na chumba hakina mtu. Pembeni ya kiti chake kumewekwa kigoda kipya, kifupi, cha mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukaa.

Nikakitupa motoni.

Kikakataa kushika.