Udongo wa Josho

Majirani zangu wa Mwatate, leo sibembelezi mtu. Anayetaka kununa anune.

Nyumba ya Hudson ilikuwa na amani. Asubuhi mkewe, Wakio, alimwagilia sukuma wiki, binti yao Daisy wa miaka sita akimfuata na kikopo chake. Hudson alikaa mlangoni akinywa chai na kutoa maoni. Maoni ndiyo kazi pekee aliyoiweza.

Ndipo wakaja wataalamu kusafisha josho la zamani, pale ng'ombe wa babu zetu walipoogeshwa dawa ya kupe miaka nenda miaka rudi. Walitukusanya uwanja wa kanisa wakatueleza polepole, kama watoto wa chekechea: dawa ile ni sumu, imeingia udongoni, imeshuka hadi kwenye maji ya kisima. Kisima wakakitia kufuli, wakatuletea maji kwa boza. Udongo wakauchimba, wakaurundika ndani ya ua wa waya na kuufunika turubai, usubiri malori ya kuupeleka mbali.

Hudson akachungulia, akaona udongo mweusi, laini, wenye samadi ya miaka hamsini. Basi! Bwana mkubwa akatutangazia kwamba wageni wanatuibia mbolea, na kwamba sumu ya kupe haimdhuru mtu kwa kuwa mtu si kupe. Nasi tukacheka, tukamwita jasiri. Mchana kweupe akakata waya, akasomba wilbaro kumi na mbili hadi shambani kwake. Wakio alimsihi aurudishe. Akaambiwa mwanamke hajui shamba, yeye aliyelilima peke yake tangu aolewe. Majirani tukaenda kumwomba udongo. Mimi nilichukua ndoo mbili za kupandia miche ya nyanya, mjinga mkubwa.

Daisy alishinda kwenye udongo ule, miguu mitupu, akipika ugali wa matope na kuuonja. Akaanza kutapika. Hudson akasema ni minyoo, akanunua dawa dukani. Miguu ikafa ganzi, akasema mtoto anadeka. Mwezi wa tatu tangu udongo uletwe, Daisy hakuweza kusimama, ndipo wakampeleka hospitali Voi.

Daktari aliuliza mtoto anacheza wapi. Hudson, mwenye maoni juu ya kila kitu, akamgeukia mkewe.

"Kwenye udongo ambao babake aliuiba," akasema Wakio.

Daisy aliokolewa. Anatembea kwa kushikilia ukuta. Juzi alikanyaga kaa la moto jikoni, akaendelea kumsimulia mamake habari za shule, mpaka mama aliposikia harufu.

Funzo

Ukiambiwa kuna sumu, usiipime kwa macho wala kwa ubishi wako. Haionekani, na huanza na mtoto, kwani yeye ndiye anayekaa chini. Na tusijifiche nyuma ya Hudson. Alikata waya, sisi tukabeba ndoo. Shamba lake limeshachimbwa na wataalamu, udongo ule ukatolewa. Langu nililitaja mwenyewe kwao. Bado watu watatu wamenyamaza, na wana watoto. Malori yako hapa hadi Ijumaa. Njooni na aibu yenu, lakini njooni na udongo.