Walimwita Mama Mchawi, Kumbe ni Damu Yetu

Nina miaka ishirini na sita, ndugu wasomaji, na nyumba yangu iko Wawi, nje kidogo ya Chake Chake. Nimezika wanangu wawili. Nimemzika na mama yangu mzazi... na aliyemuua ni mume wangu!

Mume wangu, Faki, ni mwana wa ami yangu. Baba yake na marehemu baba yangu ni tumbo moja. Nilipovunja ungo wazee walisema mtoto wa ndugu hatupwi nje, nikaozwa. Sikulia. Faki nilimpenda tangu tukichambua karafuu pamoja.

Mtoto wetu wa kwanza, Omar, alizaliwa mnene, mzuri. Alipoanza kutambaa, mikono na miguu ikamvimba. Ukimgusa, analia mpaka sauti inakauka. Macho yakawa manjano kama bizari. Tulimfukiza, tulimvisha hirizi, tulimsomea... Akafa mikononi mwangu.

Akaja Asha, mzima wa afya. Tukamshukuru Mungu. Kisha akaja Hamad, na vidole vyake vikaanza kuvimba vile vile!

Hapo ndipo mama mkwe wangu, Bi Mkasi, alipofungua mdomo. Mama yangu, Bi Time, alikuwa mtu wa Vitongoji, mgeni katika ukoo ule. Kila nikijifungua yeye ndiye hunilea arubaini yangu, akiwakanda watoto kwa mafuta ya nazi. Bi Mkasi akamwambia mwanawe mbele yangu: "Faki, mkweo anawala wanao! Kila anayemshika anaugua!"

Kwani Asha hakushikwa naye? Nilipouliza hivyo, Faki alinipiga kofi, damu zikanitoka puani. Ndiyo mara ya kwanza kuninyanyulia mkono. Haikuwa ya mwisho... Alinipiga kwa mkanda, alinipiga kwa ukuni, nikatembea na uso uliofura, nikisema nimeanguka kisimani. Mama akapigwa marufuku kukanyaga Wawi.

Lakini bibi gani atasikia mjukuu wake anaungua homa, akae kwake?

Ijumaa moja, watu wametoka msikitini, mama akaja na kichupa chake cha mafuta. Alimpakata Hamad mkekani, akaanza kumkanda miguu taratibu. Mtoto akanyamaza. Nikasikia hatua za Faki ukumbini. Alikuwa na panga.

"Nshakwambia usije hapa, weye mchawi!"

"Faki baba," mama akasema kwa upole, "mtoto anaumwa. Niache nimkande tu, nende zangu."

Panga likashuka begani mwake. Mama hakukimbia. Alimwinamia Hamad, akamfunika kwa mwili wake, na pigo la pili likamchana mkono mpaka mfupa ukaonekana. Nilimrukia Faki mgongoni, nikamng'ata shingo. Akanipiga kwa mpini wa panga, meno yangu mawili yakadondoka. Majirani walijaa uani, na hakuna aliyeingia kumshika! Mmoja akapiga kelele: "Mmalize mchawi huyo!" Ami yangu ndiye aliyekuja mbio akamkumbatia mwanawe kwa nyuma. Wakabingirishana katika damu ya mama mpaka panga likamtoka mkononi.

Tulichukuliwa kwa lori la karafuu mpaka hospitali ya Chake. Mama alihitaji damu, kwa hiyo daktari akatupima. Alipomwona Hamad naye, macho manjano, vidole vimevimba, akamtoa tone la damu akalitazama kwa darubini. Kisha akaniita. Alisema chembe za damu ya mwanangu zinajipinda kama mundu, zinaziba mishipa, na hayo ndiyo maumivu yake. Hapana uchawi. Ni maradhi ya kurithi.

Alinieleza hivi. Kila mtu ana mbegu mbili za damu, moja ya baba, moja ya mama. Ukiwa na mbegu moja nzima na moja mbovu, nzima huifunika mbovu, unaishi bila kujua. Mimi nilikuwa hivyo. Wakikutana wawili waliobeba, kila mimba ni bahati yake. Mtoto aweza kuchukua mbili mbovu akaugua, aweza kuchukua moja akabeba tu, aweza asichukue hata moja.

Nikamuuliza kwa hofu: "Mie nimeipata kwa mama yangu?"

"La," akasema. "Damu ya mamako nayo nimeipima maradhi haya, ni safi. Umeipata kwa babako."

Kwa baba! Ndugu wa baba yake Faki! Mama waliyemwita mla watu ndiye asiyekuwa na mbegu ile mwilini mwake...

Mama alifariki asubuhi ya pili. Hamad akamfuata kabla hatujamaliza matanga. Faki alipimwa akiwa chini ya ulinzi wa askari, naye akakutwa amebeba. Daktari alimwambia si kosa lake wala langu, hakuna aliyejichagulia damu. Faki akayatazama mabega yangu, uso hakuweza. "Bi Time nimemuua bure?" akauliza. Sasa anatumikia kifungo.

Mwezi uliopita Bi Mkasi alikuja na sahani ya halua. Alilia, akaniomba radhi, kisha akaniambia Asha aposwe tangu sasa na mjukuu wake mwingine wa kiume, ili watoto wabaki ukooni. Nilimrudishia halua yake. Nikamwambia: "Bi mkubwa, Asha ataolewa akikua, na mume yeyote atakayekuja, wa ukoo au wa mbali, damu zao zitapimwa kwanza." Akaniita mtovu wa adabu. Na niwe!

Wazazi wenzangu, nakuombeni kwa machozi. Mtoto akivimba vidole na macho yakawa manjano, mpelekeni hospitali. Kabla hamjaoza, pimeni. Na mkisikia mtu anaitwa mchawi uani kwa jirani, ingieni mkamshike mwenye panga. Mama yangu alikuwa na majirani tele siku ile...