Nakala ya Helka

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa andazi la iliki. Marketta, daktari wa mifugo mwenye kliniki, alishuka nalo hadi chumba cha chini, koti lake limejaa manyoya ya paka, akamkuta Rauno, fundi wa kompyuta, amepiga magoti mbele ya seva akiutazama mfumo mpya wa simu ukijisakinisha.

"Kula kwanza, bwana. Mashine haina miguu."

"Ile ya zamani ilikuwa nayo. Kila nikiitengeneza, inatoroka," Rauno alisema, akala.

Chumba hicho kilikuwa sauna zamani, chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Jiko la mawe liling'olewa na seva ikawekwa mahali pake, kwa sababu nyaya nene za umeme zilikuwa tayari ukutani. Mabenchi ya mbao yaliachwa. Hakuna aliyeona ubaya. Mjini Kajaani, kaskazini kwenye theluji, ofisi nyingi zina sauna iliyogeuzwa stoo.

Mfumo wa zamani ulipokea simu kwa sauti ya Helka, mke wa Rauno, aliyekaa mapokezi mpaka saratani ilipomlaza. "Hapa ni kwa wanyama. Daktari yuko kazini. Subiri, usikate." Alikuwa amezikwa tangu theluji ya mwaka uliopita, lakini kila mwenye ng'ombe aliyepiga bado alijibiwa naye. Helka hakupenda kurekodiwa. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Rauno aliinakili kwenye diski ndogo, akaifuta seva, akaweka mfumo mpya.

Aliwaambia wateja siku zote kwamba nakala ambayo hujaifungua si nakala. Hii hakuifungua, maana asingeweza kuisikiliza akiwa kazini. Aliifungua baada ya kufuta, Marketta alipokwisha kupanda. Ndani palikuwa na mlio mrefu tu wa chwaa, kama maji yanayomwagwa juu ya mawe ya moto. Kisha chumba kikanuka majani mabichi yaliyolowa, yale ambayo watu hujipigia saunani.

Marketta alirudi ngazini, bila utani safari hii.

"Rauno, mbona hukuniambia umeiacha sauti ya Helka?"

"Sijaiacha. Haipo tena."

"Basi nani kaipokea simu ya Jorma mfugaji? Kaambiwa ndama wake atakufa kabla hajafika zizini." Akashusha sauti. "Ndama amekufa, Rauno. Na mbwa wangu wote huko juu wamelala, pua sakafuni. Wanasikiliza huku chini."

Rauno aliuondoa mfumo akauweka upya. Alichomoa waya wa mtandao. Alizima seva, akakaa benchini, akapiga namba ya kliniki kwa simu yake ya mkononi. Taa zote za mashine zilikuwa zimezimika. Simu ikapokelewa.

"Rauno mpenzi. Nina baridi. Zima feni."

Katika ndoa yao yote Helka alimwita Hyvärinen, kwa jina la ukoo, hata siku ya harusi. Kwa hiyo alijua huyu si yeye. Alijua, na bado aliinuka akazima feni za ukutani, akaiwasha seva tena ili itoe joto, akaufunga mlango na kuziba upenyo wa chini kwa koti lake, na joto likaanza kupanda kutoka pale jiko lilipokuwa, likapita magoti, likapita kifua, mbao zikaanza kulia moja baada ya nyingine kama zinavyolia mtu mzito anapohama benchi la chini kwenda la juu, hadi ubao aliokalia yeye ukabonyea upande wa pili, na sauti ikaacha kutoka kwenye simu ikatoka sikioni, yenye unyevu, ikisema mpenzi, mpenzi, bado kidogo, ongeza.

Marketta alimkuta midomo imepasuka, anatabasamu. Alimkokota nje, kisha akamwita bibi Lempi, ambaye huwaumika watu kwa pembe kwenye sauna za vijijini.

Lempi alinusa mlangoni. "Mlipong'oa jiko mliomba ruhusa?"

"Tulimwomba fundi umeme," Marketta alisema.

"Mna akili sana nyinyi. Kila sauna ina mwenyewe. Watu wakimaliza kuoga, mvuke wa mwisho ni wake. Mmemnyang'anya moto mkamletea friji." Akamgeukia Rauno. "Huyo si mkeo, mwanangu. Kaivaa sauti yake kama koti la marehemu."

"Najua. Helka hajawahi kuniita mpenzi."

"Unajua, na unamsikiliza?"

Rauno aliokota koti lake mlangoni, akalikung'uta. Lempi alimtazama.

"Maskini. Basi kazi si kumtoa yeye. Kazi ni wewe."

Waliipandisha seva juu. Lempi alipasha mawe kwenye jiko la gesi, akayapanga kwenye karai pale palipokuwa na jiko la zamani. Alimpa Rauno kazi ya kuushika wazi mlango wa chini wa kutokea uani, na kutojibu lolote.

"Chukua mvuke wako," Lempi alisema, akamwaga maji. "Umelipwa. Toka."

Ukutani, ambako hapakuwa na mashine tena, Helka alilia. "Rauno mpenzi, wananitupa nje. Nje kuna theluji." Rauno alijiuma kidole mpaka damu. Sauti ikawa ya ndama, kisha ikawa pumzi tupu, na kitu cha moto kikampita kwenye goti, kimo cha mtoto. Theluji ya uani ikayeyuka kwa mstari mmoja mpaka getini, ikaishia hapo. Juu, mbwa wakaanza kubweka.

"Hatakwenda mbali," Lempi alisema akifunga pembe zake. "Wa namna hii husubiri kuitwa. Asiitwe na mtu."

Marketta alipiga namba ya kliniki. Mfumo mpya ukapokea kwa sauti ya kiwandani, safi, isiyo ya mtu. Alimshika Rauno bega, akalia kidogo kwa furaha. Rauno aliomba aisikilize tena. Aliisikiliza mpaka mwisho, akakata.

Asubuhi iliyofuata alifika kabla ya wengine. Alifungua mlango wa chini akauegemeza kwa koleo la theluji usijifunge. Akavua viatu, akasimama kizingitini kwa soksi, akitazama getini.

"Helka hayupo," alisema, kama anayemsemesha jirani. "Njoo wewe."