Hodi Bila Karibu

Glavu zilipowashwa, wanagenzi wote wa karakana waligonga matangi yao kwa pamoja: ko, ko. Papo hapo miali ya kuchomelea ikawaka.

Mwantumu, mkaguzi wa Idara ya Uanagenzi mjini Tanga, alishika ukuta. Ugongaji ule aliujua. Marehemu mumewe, fundi Hoza, hata sufuria ya nyumbani aliigonga hivyo kabla ya kuiziba.

"Huo ndio mkonorithi, mama," alisema Injinia Kiondo, mwenye karakana. "Unatunza miondoko ya fundi na kuitia katika misuli ya anayeuvaa. Mzee alituachia mkono wake kabla hajafariki. Ukisaini, tunapata usajili na ruzuku ya serikali, na mkono wake utafundisha nchi nzima."

"Nisiposaini?"

"Sheria mnaijua ninyi. Rekodi inafutwa."

Mwantumu alitaka kusaini. Mungu anajua alivyotaka. Lakini ukaguzi ni ukaguzi. Akamsogelea binti aliyekuwa akivuta tanki la basi, Saumu jina lake.

"Mwanangu, mbona mnagonga?"

Saumu akacheka. "Mkono ndio unaotaka, mama. Sisi tunasema fundi anapiga hodi."

"Na karibu anaipata kwa nani?"

"Karibu ya nini tena? Tunaingia tu!"

Wenzake wakaangua kicheko. Glavu ikamgongesha Saumu: ko, ko. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtungi uliojaa. Mkono wake ulikwisha kuinua mwali wa kuchomelea.

"Zima!" Mwantumu alipiga kelele. "Zima, mwanangu!"

Walipofungua koki, mafuta ya mwani ya kuendeshea basi yalichuruzika sakafuni. Kicheko kilikatika. Saumu aliketi chini, akaanza kuvua glavu.

"Tanki tupu hulia kama kengele," Mwantumu alisema. "Hoza alikuwa akigonga, kisha anasikiliza."

Kiondo alijifuta jasho. "Kile kimya... Kwenye rekodi, kila baada ya kugonga mkono ulikuwa unasimama tu, haufanyi kazi. Tulikikata kuokoa muda."

"Hapo ndipo alipokuwa akifanya kazi."

Akaomba rekodi ya kwanza, isiyokatwa. Wakamvika glavu mkono wa kulia. Vidole vyake vikajikunja kwa namna aliyoizoea miaka yote ya ndoa, vikagonga tanki: ko, ko. Kisha vikatulia, vikingoja.

"Karibu, Baba Tunu," alinong'ona, kama alivyomwita mumewe nyumbani.

Mkono haukusikia. Haukupewa masikio.

Mwantumu alivuta kibao cha ukaguzi. Akaandika kwamba usajili umekataliwa, na kwamba ruzuku itatolewa karakana itakapoajiri fundi aliye hai, anayeweza kuulizwa na kujibu. Aliandika polepole, herufi zikienda upande, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa hajautoa.